Mama Mkubwa Yupi?

Binti anaweza kurithi hatari ya saratani ya titi kutoka kwa baba yake. Baba mwenyewe anaweza kufika miaka themanini akilima karanga na kuimba besi kwenye kwaya, kifua chake hakina hata kipele, na bado akawa ndiye aliyempitishia. Kinachopita si ugonjwa. Ni kasoro ndogo kwenye jeni, na jeni hukaa kwa wanaume na kwa wanawake bila ubaguzi.

Nilifanya kazi kwenye maabara ya tishu hapa Tabora zaidi ya miaka thelathini bila kulijua hilo sawasawa. Nililijua baada ya kustaafu, tena kwa aibu, kwa sababu ya maneno mawili niliyoyaandika kwenye fomu kwa mkono wangu. Maneno yenyewe ni "mama mkubwa".

Ninawaandikia ninyi mlioingia maabara juzi, mnaoniita Mama Nta mkidhani sisikii. Nasikia. Jina hilo nililipata kihalali, na nitaeleza.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Daktari wa upasuaji anakata kipande cha uvimbe, anakileta kikielea kwenye formalini, dawa ya maji inayozuia nyama isioze. Sisi tunakiondoa maji polepole kwa spiriti, tunakizamisha kwenye nta iliyoyeyuka, nta inaganda, na tunapata kitu kama kipande kidogo cha sabuni chenye nyama katikati. Tulikiita kitofali. Kitofali kinakatwa kwa mashine yenye kisu kikali mpaka upate utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Utando unaelea kwenye maji ya uvuguvugu, unauopoa kwa kioo, unaupaka rangi, na daktari anautazama kwa darubini. Akishamaliza kutazama, kitofali kinabaki. Kinakaa kabatini miaka na miaka. Mwenye mwili amezikwa, kipande chake kiko kwetu.

Aliyenifundisha ni Mzee Kulwa, mtu mfupi, mpole, mwenye dharau kubwa kwa kalamu za wino. Siku yangu ya kwanza niliandika namba za wagonjwa kumi na wawili, kwenye vibao vidogo vinavyokaa na vipande vyao, kwa kalamu nzuri ya bluu, mwandiko wa shule ya masista. Nilipotoa vibao kwenye spiriti, vilikuwa vyeupe kama nilivyovikuta dukani. Wagonjwa kumi na wawili, hakuna namba hata moja. Mzee Kulwa hakunifokea. Alinipa penseli, akaniambia, "Mwanangu, spiriti inakunywa wino. Penseli haiiwezi." Ilituchukua siku mbili kuwatambua wale wagonjwa kwa ukubwa na umbo la vipande vyao, na mmoja tulilazimika kumwomba arudi akatwe tena. Aliporudi nilimshika mkono muda wote. Mpaka leo natembea na penseli kwenye mkoba.

Alinifundisha pia kuhema. Kitofali kikikataa kukatika, kikawa kinavunjika kama chapati iliyolala, unakisogelea na kukipulizia pumzi ya moto, hooo, halafu unakata. Kikiwa laini mno, unakipoza kwa barafu. Barafu tulinunua kwa muuza soda wa getini, ambaye kwa miaka mingi aliamini tunahifadhi maiti kwenye ndoo yake.

Sasa hiyo nta. Msimu mmoja wa mvua reli ililiwa na maji, mzigo wetu ukakwama njiani, na nta ya hospitali ikabaki kidogo chini ya sufuria. Vipande vya wagonjwa vilikuwa vinangoja. Mzee Kulwa alisimama katikati ya maabara, akasema, "Hivi hapa si Tabora? Nta inakosekanaje Tabora?" Akanituma Mtendeni kwa wafanyabiashara wa asali. Nikarudi na bonge la nta ya nyuki la njano, lina mabawa na miguu ya nyuki ndani. Tuliichemsha, tukaichuja kwa kitambaa cha shuka mara tatu, tukaichanganya na ile iliyobaki.

Ilikata vizuri ajabu. Utando ulitoka mrefu kama utepe wa mshonaji. Ila maabara nzima ilinukia mzinga. Daktari mmoja aliingia saa nne asubuhi na mkate mkononi, akauliza asali tumeificha wapi. Baada ya wiki sisimizi wakajua. Wakapanda kabati msururu mmoja, nidhamu ya jeshi. Mzee Kulwa akasimamisha miguu ya kabati kwenye makopo ya mafuta ya taa, na ikawa hivyo mpaka wote tukastaafu. Vile vitofali vya njano tukaviita "vya asali", na mimi niliyekwenda kuinunua nikawa Mama Nta. Nimeeleza.

Niruke miaka. Nilikuwa nimeshastaafu, nafuga kuku Itetemia, nikapigiwa simu kwamba wanakuja watafiti kutoka pwani. Wanatafuta jeni zinazosukuma saratani ya matiti, na wanahitaji mtu anayejua vitofali vya zamani viko wapi na anayeweza kuongea na familia. Nikavaa kitenge kizuri nikaenda.

Kiongozi wao alikuwa Dakta Pazi, kijana mrefu mwenye miwani.

"Shikamoo Bibi. Nimeambiwa wewe ni Mnyamwezi."

"Marahaba. Mnyamwezi kamili. Na wewe?"

"Mzaramo."

"Ahaa! Mmechoka kucheza ngoma, mmekuja kututazama wenye kazi?"

"Nimefuata mizigo yetu, Bibi. Babu zako waliitua porini wakasema migongo inauma. Mpaka leo tunaisubiri pwani."

Wengine chumbani walishtuka. Sisi wawili tulikuwa tumeshaelewana. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na wazee wetu walisema utani huo ulizaliwa kwenye njia ya misafara, wabebaji wa huku walipofika kule. Mtani anaruhusiwa kusema lile ambalo mtu mwingine akilisema ni tusi. Sikujua siku ile kwamba ruhusa hiyo ingekuwa kifaa cha kazi kama kisu na darubini.

Dakta Pazi alinieleza utafiti wao kwa lugha ya kawaida. Ndani ya mwili kuna jeni ambazo kazi yake ni ukarabati: seli ikigawanyika vibaya, zinarekebisha. Jeni hizo zikiwa na kasoro, makosa yanarundikana, na siku moja seli inaanza kuzaliana bila breki. Kasoro nyingine mtu anazipata maishani, kwenye uvimbe peke yake. Nyingine amezaliwa nazo, ziko kwenye damu yake na pengine kwenye damu ya ndugu zake. Hizi za pili ndizo walizotaka kuzifuata. Kwa hiyo walihitaji damu, walihitaji vitofali, na walihitaji orodha ya ukoo: nani aliugua, ni nani wa nani. Orodha hiyo nikapewa mimi. Nani angeshindwa kuandika orodha ya ukoo?

Ndipo alipokuja Edina. Mwalimu wa shule ya msingi, miaka thelathini na minne, ametolewa titi la kulia na kumaliza dawa. Nywele zilikuwa zinaanza kuota, laini kama za mtoto mchanga. Alikuja na mdogo wake Rozi, mshonaji, mzima wa afya, anayecheka kwa sauti. Edina hakuja kwa ajili yake mwenyewe.

"Bibi, mimi yangu nimeshayapata," alisema. "Nataka kujua kama na huyu yanamngoja."

"Mimi nimemwambia aache kunichungulia kifua kila asubuhi," Rozi akasema. "Ananitazama kama mwenye nyumba anayetafuta ufa."

Nikafungua fomu. Nikauliza, "Katika mama zako, kuna aliyewahi kuugua?" Edina akajibu, "Mama mkubwa. Mama Shija, anaishi Bukene. Alitolewa titi zamani, mpaka leo yupo." Nikaandika: dada mkubwa wa mama. Ilipofika sehemu ya upande wa baba, nikapiga mstari bila hata kuinua macho. Nilijiambia titi ni habari ya wanawake, basi inatoka kwa wanawake. Sikuuliza. Hapo ndipo palipo na makosa yangu yote mawili, vijana wangu, kwenye ukurasa mmoja, kwa penseli safi kabisa.

Damu ikachukuliwa: ya Edina, ya mama yake, na ya Mama Shija, ambaye nilimfuata Bukene kwa treni. Alinipokea kwa "mwangaluka" ya nguvu, salamu yetu ya asubuhi, akanipikia ugali na mlenda, akatoa mkono bila kuuliza maswali mengi. Sampuli zikaenda pwani.

Miezi ikapita. Siku moja simu ikaita nikiwa bandani.

"Bibi, umekaa?"

"Nimeshika kuku. Sema."

"Edina tumemkuta na badiliko kwenye mojawapo ya jeni za ukarabati. Mama yake hana. Mama mkubwa hana. Na si hivyo tu. Tukiwalinganisha, mama na mama mkubwa hawana undugu hata kidogo."

"Ni mtu na dada yake, Dakta."

"Damu inakataa, Bibi."

Nilimwachia yule kuku. Mtu wa maabara akisikia maneno kama hayo, wazo la kwanza ni moja: nimechanganya chupa. Nilikumbuka vile vibao vyeupe vya siku ya kwanza. Nikachukua daftari langu, nikapitia namba moja moja, chupa moja moja. Zilikuwa sawa. Na kama chupa ziko sawa, basi kuna jambo kwenye ukoo wa watu ambalo nimelifukua bila kuombwa. Hilo liliniogopesha kuliko kosa la chupa.

Nikaenda kwa wazazi wa Edina, palepale Itetemia, nyumba ya nne kutoka kanisani. Nilizunguka sana. Niliuliza habari za mvua, za karanga, za padri mpya. Mwishowe nikamuuliza Mama Edina kwa sauti ya chini, kama Mama Shija na yeye walizaliwa tumbo moja au vipi.

Akanitazama. Halafu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Shija? Mimi na Mama Shija tumbo moja? Yule ni mke wa kaka yake mume wangu! Tumekutana ukubwani, kila mtu na ndoa yake!"

Mnaona? Dada mkubwa wa mama ni mama mkubwa. Mke wa baba mkubwa naye ni mama mkubwa. Mtoto anawaita jina moja, anawapa shikamoo moja, na ni adabu njema kabisa. Lakini mmoja ana damu yake na mwingine ana upendo wake tu. Mimi, Mnyamwezi mwenye mama wakubwa sita, sikuuliza: mama mkubwa yupi?

Furaha ya Mama Edina haikudumu. Alikaa chini, akafuta macho kwa upande wa kanga, na safari hii hayakuwa machozi ya kicheko. "Kwa hiyo si mimi?" akauliza. Ndipo aliponiambia kwamba tangu Edina alipougua, mawifi zake wamekuwa wakisema ugonjwa huu umeingia na yeye, kwamba kwao hawakuwa nao. Alikuwa ameyabeba maneno hayo miaka miwili, akiyapeleka kanisani na kurudi nayo.

Kabla ya kumjibu ilinibidi nimalize kazi niliyoiruka, upande wa baba. Dakta Pazi alikuja tena Tabora, na tukakaa pamoja na Mama Edina na mumewe, Mzee Maganga. Mtu wa maneno machache. Nilimuuliza kuhusu dada zake. Akasema walikuwa watatu, wawili wapo. Mmoja, Veronika, alikufa kijana.

"Alikufa na nini, Mzee?"

"Kifua."

Ningekuwa peke yangu ningeandika kifua kikuu na kuendelea. Nilikuwa nimeshainua penseli. Dakta Pazi akasogeza kiti chake.

"Mzee, mimi ni Mzaramo."

"Nimesikia. Pole."

"Asante. Siku ukifa mimi nina haki ya kulala juu ya jeneza lako na kukataa kuinuka mpaka nilipwe."

"Utalala mpaka kesho. Hakuna atakayekulipa."

"Basi kwa haki hiyohiyo nakuuliza: kifua cha kukohoa, au titi?"

Mzee Maganga alianza kucheka, kisha kicheko kikaishia njiani. Alitazama mikono yake. "Titi," akasema. "La kushoto. Alilifunga kwa kanga mwaka mzima, hakumwambia mtu. Alikatwa hapa hospitali, ikawa tumeshachelewa. Mama yetu akasema tuseme kifua. Tukasema kifua."

Neno hilo alikuwa hajalitamka mbele ya mkewe katika ndoa yao yote.

Damu ya Mzee Maganga ilikuwa na lile badiliko. Hilo peke yake halikutosha, kwani yeye ni mzima. Dakta Pazi alitaka kujua kama Veronika, aliyeugua, alikuwa nalo pia. Na Veronika alikuwa kaburini Bukene miaka mingi. Nikasema, "Dakta, hayupo Bukene peke yake. Alikatwa hapa."

Tulimwomba Mzee ruhusa, akaweka saini polepole. Nikaenda kwenye kabati. Rejesta za zamani zina mwandiko wa Mzee Kulwa, penseli tupu, unasomeka kama wa jana. Nilikuta jina, nikakuta namba, nikavuta droo. Kitofali kilikuwa cha njano. Cha asali. Kona moja panya alikuwa ameonja, ila hakuwa amefika kwenye nyama. Nilikifuta vumbi, nikampa Dakta Pazi, akakipokea kwa mikono miwili.

Kule pwani walisema vinasaba vyake vimekatikakatika, kwa kuwa zamani tuliacha vipande kwenye formalini siku nyingi mno. Shikeni hilo: formalini nyingi, muda mfupi, saa na si wiki, kwa sababu hamjui nani atakuja kukisoma kipande chenu na kwa mashine gani. Lakini vipande vilivyosomeka vilitosha. Veronika alikuwa na badiliko lilelile.

Majibu yalitolewa nyumbani kwao, watu wote wakiwa wamekaa. Rozi naye alikuwa ameomba apimwe. Analo.

Mzee Maganga akasema, "Kumbe ni mimi."

Mkewe ndiye aliyemjibu. "Wewe hukuomba upewe. Ila dada zako wataniletea kuku, na wataniletea mbele ya watu." Wakaleta, Jumapili ya pili yake, jogoo mweupe, na radhi ikaombwa kwa sauti. Nilikuwepo, nilikula paja.

Siku ile ya majibu Rozi alitaka aelezwe. Dakta Pazi alijaribu kumweleza kwa kazi yake mwenyewe. "Wewe unakatia vitambaa kwenye karatasi ya vipimo. Karatasi ikiwa na kosa, kila gauni linatoka na kosa."

"Nafahamu. Sasa hii karatasi yetu ina kosa au haina?"

"Ina mstari ambao hatujauona kwingine. Unaweza kuwa kosa. Unaweza kuwa mwandiko wa ukoo wenu tu, usio na madhara yoyote."

"Veronika alikufa. Dada ameugua. Mnataka nini zaidi?"

"Watu wawili ni wachache, Rozi. Na vitabu vya jeni tunavyolinganisha navyo vimejazwa na watu wa mbali. Wa huku waliosomwa ni wachache mno. Njia liliyopitia badiliko hili tumeijua. Uzito wake hatujaujua."

"Kwa hiyo nikatwe au nisikatwe?"

"Hatumkati mtu kwa jambo tusilolijua. Utapimwa kila mwaka, kwa sababu ya dada yako na shangazi yako. Na simu yangu unayo."

Rozi alikunja ile karatasi ya majibu mara nne, akaiweka kwenye mkoba wa sindano. Tangu hapo amepimwa mara mbili, na mara zote mbili yuko salama. Edina amerudi kufundisha, nywele zake anasuka. Mimi fomu zangu sasa nauliza: mama mkubwa yupi, kifua kipi, shangazi wangapi, na naandika jina la kila mmoja na mzazi wake. Nimewazunguka ndugu wa Mzee Maganga kutoka Bukene mpaka huku, na kumi na mmoja wamekubali kutoa damu. Ni kazi nzuri, na wanapika vizuri.

Wiki iliyopita nilimpigia Dakta Pazi kumuuliza kama damu hizo zimesema chochote. Alifungua kompyuta nikimsikia, akasoma kilichoandikwa mbele ya badiliko la Edina, Rozi, Veronika na Mzee Maganga: maana yake haijajulikana.